Gari Kuukuu la Chama: Kupima Ugonjwa wa Injini Kabla ya Kununua Kipuri

Gari la chama ni mali ya wanachama kama yalivyo maghala na mizani, ila matengenezo yake yana siri ambayo mizani haina. Mizani ikikosea, mkulima hutambua siku ile ile, maana anaujua uzito wa gunia lake. Injini ikikosewa, hasara huingia kidogo kidogo katika hati za malipo: leo koili, kesho kabureta, keshokutwa "ufundi". Kila hati ina stakabadhi yake halali. Mkaguzi wa hesabu ataona vitabu vimekamilika, na bado fedha za wanachama zitakuwa zimepotea.

Somo hili halikusudii kumfanya katibu awe fundi. Linakusudia kumwezesha kuuliza maswali yanayostahili kabla ya kutia sahihi yake, na kuandika agizo la vipuri lisiloweza kueleweka kwa namna mbili. Mfano utakaotumika ni Land Rover Series III yenye injini ya petroli ya silinda nne, ya sentimita za ujazo 2,286. Magari hayo yaliundwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, na hata sasa yapo yanayopanda njia za vijijini. Chama chenye Peugeot au Toyota ya zamani kitafuata mwendo ule ule wa kupima, lakini vipimo vyenyewe kitavitafuta katika kitabu cha gari lake.

GARI LILILOZIMIKA MLIMANI

Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa kilikuwa na Land Rover ndefu, ya inchi 109. Msimu wa makusanyo ulipoanza, gari hilo likashikwa na tabia mpya. Asubuhi liliwaka vizuri na kuondoka bila taabu. Likifika katikati ya mlima na mzigo, lilianza kukohoa, kisha likazimika. Dereva, mzee aliyeliendesha kwa miaka mingi, aliweka mawe chini ya magurudumu, akangoja muda wa saa nzima, na gari likawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Jioni aliandika katika daftari la safari: "Limezimika likiwa moto. Likipoa linawaka." Aliandika hivyo mara nne katika wiki mbili. Daftari lilikaa juu ya meza ya ofisi na hakuna aliyelisoma.

Gari lilipelekwa kwa fundi mjini. Fundi aliisafisha kabureta, gari likazimika tena. Akabadili koili, gari likazimika tena. Mara ya tatu akasema injini imechoka, yafaa ifunguliwe yote. Kamati ikakutana na kuidhinisha fedha, na fungu la matengenezo lilipopungua, likaongezewa kutoka akiba. Katibu alitumwa dukani kununua pistoni, ringi zake na beringi za krenki za "Land Rover Series III". Alirudi na sanduku jipya, stakabadhi na chenji kamili.

Yafaa isemwe mapema kwamba hapakuwa na mwizi katika habari hii. Fundi hakudanganya, alibahatisha. Na kubahatisha kwa fedha za watu wengine ni rahisi sana pale ambapo hakuna anayeuliza, "Umepima nini?"

DEREVA AULIZWE KWANZA

Kabla ya spana yoyote kuguswa, katibu akae na dereva na daftari la safari, aandike majibu ya maswali machache. Ubaya umeanza ghafla au umekuja polepole? Hutokea injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Huja wakati wa kupanda, wakati wa kuteremka, au hata gari likisimama? Petroli inayotumika imeongezeka? Oili inapungua? Maji katika rejeta yanapungua? Moshi ni wa rangi gani? Je, kuna kitu kilichofunguliwa au kubadilishwa siku chache kabla?

Swali la mwisho hulipa kuliko yote. Injini iliyoharibika siku moja baada ya kuguswa, mara nyingi imeharibiwa na mkono ulioigusa: waya umelegea, plagi imepata ufa, au waya mbili za plagi zimebadilishana mahali.

Kilichokuja ghafla, kwa kawaida ni kitu kimoja kidogo kilichokatika, kuziba au kuungua. Kilichokuja polepole kwa miezi ni uchakavu. Land Rover ya wakulima wale ilibadilika katika wiki mbili, tena ilipona kila ilipopoa. Pistoni iliyochakaa haiponi kwa kupumzika kando ya njia.

MAMBO MATATU YA INJINI

Injini ya petroli hudai mambo matatu: cheche yenye nguvu inayopigwa wakati wake, mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kiasi chake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Likikosekana moja, injini haiwaki au huwaka kwa taabu. Upimaji uanze na jambo lisilogharimu kitu na lisilohitaji kufungua injini. Kwa hiyo cheche hutangulia, petroli hufuata, na mgandamizo huja baadaye. Silinda hedi haifunguliwi mpaka vipimo vyote vitatu viwe vimeandikwa.

Wakati wa kupima, gari liwe katika gia huru na breki ya mkono ivutwe. Asiwepo mvuta sigara wala taa ya moto, na petroli iliyomwagika ifutwe kabla ya kutoa cheche.

Cheche

Plagi moja huchomolewa, huvishwa waya wake, kisha chuma chake hugusishwa na bodi ya injini mbali na tundu ilikotoka, na injini huzungushwa. Waya ushikwe kwa koleo yenye mpini wa mpira, maana umeme wake hufikia maelfu ya volti. Cheche njema ni ya rangi ya buluu na hulia kwa mkwaju. Cheche ya njano, nyembamba, inayokuja na kuruka, ni dhaifu.

Plagi yenyewe ni shahidi. Ikiwa pua yake ina rangi ya kahawia iliyopauka, silinda ile inaungua vizuri. Ikiwa na masizi makavu meusi, petroli ni nyingi kupita hewa. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa oili, oili inapanda kupitia ringi au inashuka kupitia miongozo ya vali. Ikiwa nyeupe kama chokaa, inaungua kwa joto kali, pengine kwa upungufu wa petroli. Zote nne ziwekwe mezani kwa mpangilio wa silinda zao, kwa kuwa plagi moja iliyotofautiana na wenzake hueleza mengi kuliko zote nne zilizofanana. Chama kilicho milimani kisishtuke kuona weusi kidogo kwenye plagi zote: hewa ya juu ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa petroli nyingi mno kwa hewa hiyo. Nafasi ya plagi katika injini hii huwa milimita 0.75 hadi 0.80.

Kisha hufunguliwa kifuniko cha distributa. Ndani yake mna rota, platini na kondensa. Platini za Lucas hufunguka kwa nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, na nyuso zake zapasa kuwa safi. Zikiwa zimeungua na kufanya shimo upande mmoja na kilima upande wa pili kabla ya wakati wake, mtuhumiwa wa kwanza ni kondensa. Kifaa hiki kidogo, kinachofanana na risasi ya bunduki, ndicho kinachozuia umeme kuruka kati ya platini zinapoachana. Kikidhoofika, cheche ya plagi hudhoofika nayo, na mara nyingi udhaifu huo hujitokeza injini inapopata joto tu. Koili nayo huweza kuwa na ugonjwa huo huo. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na rota huzunguka kinyume cha mikono ya saa ukiitazama kutoka juu; waya zilizochanganywa hukaguliwa kwa njia hiyo.

Petroli

Bomba la petroli hufunguliwa mahali linapoingia kwenye kabureta, ncha yake hutiwa katika chupa, na injini huzungushwa. Petroli yapasa kuruka kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoka kwa kudondoka, atazamwe mkosaji kwa kurudi nyuma: kiwambo cha pampu, chujio na bakuli lake, bomba, hatimaye tangi. Mfuniko wa tangi usisahauliwe. Una njia ndogo ya kuingizia hewa. Njia hiyo ikizibwa na vumbi na matope, tangi hubaki bila hewa, petroli hushindwa kuvutwa, na gari huzimika baada ya mwendo fulani. Dereva akifungua mfuniko na kusikia hewa ikivutwa ndani kwa sauti, ameupata ugonjwa bila kutumia senti.

Nyingi za injini hizi zina kabureta ya Zenith 36 IV, yenye dosari moja inayojulikana sana. Uso unaokutanisha sehemu ya juu ya kabureta na bloku ya ndani hupinda kwa joto na kwa kukazwa mno, na pete ndogo ya mpira iliyo kati yake huchoka. Petroli hupita isikotakiwa. Dalili zake ni moshi mweusi, injini kutotulia ikiwa katika mwendo wa chini, na tangi kuisha upesi. Fundi mwangalifu husugua uso ule kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo mpaka ulingane, kisha huweka pete mpya. Kwa dalili hizi vyama vingi vimenunua kabureta nzima, na si vyama tu. Hata ofisi zenye karakana zao zimefanya hivyo.

Hapa lazima pawepo uangalifu, kwa sababu ugonjwa wa gari la mlimani ulikuwa na watuhumiwa watatu wenye sura moja. Kondensa au koili mbovu huzima injini ikiwa moto na kuiachia ikipoa. Petroli inayochemka ndani ya bomba na kuwa mvuke hufanya vivyo hivyo. Mfuniko wa tangi ulioziba pia hufanya vivyo hivyo, maana wakati wa kungoja hewa hujipenyeza. Gereji haitaweza kuwatenganisha, kwa kuwa gari hufika huko likiwa limekwisha poa na linawaka vizuri. Kipimo chake ni kimoja tu: cheche itazamwe pale pale njiani, katika dakika ile gari linapozimika. Cheche ikiwa dhaifu, shauri ni la umeme. Cheche ikiwa na nguvu, ufunguliwe mfuniko wa tangi, kisha bomba la petroli. Dereva abebe plagi moja ya zamani na spana yake kwa kazi hiyo.

Mgandamizo

Kipimo hiki huhitaji geji, ambayo bei yake ni ndogo kulinganisha na ovahauli moja. Chama kikuu chaweza kuwa nayo moja na kuizungusha kwa vyama vya msingi. Injini iwe imepashwa joto, betri iwe na nguvu, plagi zote nne zichomolewe, waya mwembamba wa koili ufunguliwe, na pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka mwisho. Kila silinda izungushwe mapigo sawa, na namba iandikwe.

Katibu asiitafute namba ya kitabuni. Katika mahali palipo mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita, na geji itasoma chini ingawa injini ni nzima. Linalotazamwa ni ulinganifu. Tuseme geji imesoma 135, 130, 70 na 132. Silinda ya tatu ni mgonjwa. Kijiko cha oili hutiwa katika silinda hiyo kupitia tundu la plagi, na kipimo hurudiwa. Namba ikipanda sana, ringi au silinda imechakaa, maana oili imeziba pengo kwa muda. Ikibaki pale pale, vali haifungi. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi imepasuka kati yake.

Kabla ya kuihukumu vali, nafasi zake zipimwe. Katika injini hii ni milimita 0.25 kwa vali zote nane. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni ya tisa: vali ya 1 ikiwa imebonyezwa mpaka mwisho, hupimwa ya 8, ya 2 ikibonyezwa, hupimwa ya 7, na kuendelea hivyo, jumla iwe tisa daima. Vali iliyokazwa mno haifungi, huvuja na kuungua. Dakika arobaini za spana na bisibisi zaweza kurudisha silinda iliyodhaniwa imekufa.

Namba nne zikiwa karibu sawa na gari halili oili, hakuna sababu ya kufungua injini, awe nani anayesema.

Moshi, maji na sauti

Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mzito usiokwisha baada ya injini kupata moto ni maji yanayoingia ndani. Hapo hutafutwa mapovu katika rejeta na oili iliyogeuka kama maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Lakini utando mweupe kidogo chini ya mfuniko wa oili, katika gari linalokwenda safari fupi za asubuhi zenye baridi, ni unyevu tu wa kawaida. Rejeta isifunguliwe ikiwa moto.

Mlio mwepesi wa "ta-ta-ta" juu ya injini kwa kawaida ni nafasi za vali. Mgongo mzito wa chini unaoongezeka gari likivuta mzigo ni wa kuogopwa. Injini ikiwa mwendo wa chini, waya wa plagi uondolewe mmoja mmoja, kwa koleo ile ile. Mlio ukipungua ghafla kwa silinda moja, beringi ya mkono wa pistoni hiyo imelegea. Taa ya oili ikimetameta injini ikiwa moto, na mgongo huo ukawepo pamoja nayo, gari lisiendeshwe hata kilomita moja.

KUAGIZA KIPURI

Neno "Land Rover Series III" halitoshi katika agizo, kama vile neno "mbegu" lisivyotosha. Muuza vipuri atahitaji kujua kwanza kama ni petroli au dizeli, na kama ni silinda nne au sita, kwa kuwa ndefu ya inchi 109 iliuzwa pia na injini ya silinda sita. Zaidi ya hayo, gari lenye umri wa miaka arobaini au hamsini ni mchanganyiko. Fremu yaweza kuwa ya mwaka mmoja, injini ya mwaka mwingine, na distributa imetoka katika gari la tatu.

Kwa hiyo hutafutwa namba mbili, si moja. Namba ya fremu huonyesha gari lilivyotoka kiwandani, na herufi ya mwisho wake huonyesha badiliko la muundo. Namba ya injini imechongwa kwenye bloku yenyewe, upande wa kushoto karibu na mbele, jirani na manifoldi ya moshi. Nayo ina herufi yake, ambayo si lazima ifanane na ya fremu. Namba ya injini ikitofautiana na iliyo katika kadi ya gari, jambo hilo lipelekwe kwenye mamlaka ya usajili kabla halijawa kesi barabarani.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1980. Kabla ya hapo krenki ya injini hii ilibebwa na beringi kuu tatu. Tangu mwaka huo ilibebwa na tano. Krenki na beringi za aina moja haziingii katika nyingine. Kwa distributa vivyo hivyo: ipo Lucas 25D4, ipo Lucas 45D4, na yapo magari yenye Ducellier. Platini na vifuniko vyake havibadilishani, ingawa katika karatasi ya duka vyote huandikwa "platini za Land Rover". Aina na namba ya distributa ya Lucas vimechongwa kwenye bodi yake. Ipanguswe kwa kitambaa na kuandikwa. Kabureta nayo yaweza kuwa Zenith au Solex. Chama chenye Series IIA iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1967 kichunguze pia betri, kwa kuwa magari hayo yaliungwa chanya kwenye bodi, na altaneta ya kawaida ikifungwa humo itaungua.

Katika vitabu vya vipuri, sehemu za zamani zina namba tupu, na za baadaye zimetanguliwa na herufi kama RTC, ETC au ERC. Namba ya zamani yaweza kuwa imepewa mpya. Muuzaji mwenye kitabu atalionyesha badiliko hilo, asiye na kitabu atasema tu "ni ile ile".

Jambo la mwisho ni saizi, na hapa ndipo chama cha kahawa kilipoumia. Injini iliyowahi kuchongwa silinda haichukui tena pistoni ya kawaida. Huchukua iliyozidi kwa inchi 0.020, au 0.040, kadiri ilivyochongwa. Alama hiyo mara nyingi imepigwa juu ya pistoni. Vivyo hivyo krenki ikisagwa, beringi zake huwa nene zaidi, na mgongoni mwa beringi ya zamani huonekana 010 au 020. Kwa sababu hiyo pistoni na beringi hazinunuliwi kabla injini haijafunguliwa na kupimwa kwa mikromita. Kipuri kingine chochote kiendapo kununuliwa, cha zamani kiende dukani pamoja na mnunuzi, vilinganishwe matundu, urefu na nyuzi za skrubu kabla ya fedha kutoka mkononi.

ILIVYOKUWA MWISHO WA MSIMU

Injini ya Land Rover ile ilipofunguliwa, juu ya kila pistoni palikuwa na 020. Ilikuwa imechongwa zamani, wakati wa kamati nyingine, na hakuna kumbukumbu iliyoachwa. Pistoni mpya zikacheza ndani ya silinda. Duka likakataa kuzirudisha kwa kuwa sanduku lilikuwa limefunguliwa. Zikanunuliwa nyingine. Gari likakaa gereji msimu wote, na kahawa ikabebwa kwa lori la kukodi ambalo gharama yake ilikatwa katika malipo ya wakulima. Je, pistoni za kwanza zilikuwa zimechakaa kweli? Hakuna awezaye kujibu, maana zilitolewa bila mgandamizo kupimwa.

Katika mkutano mkuu minong'ono ilikuwa mingi. Hati zilisomwa, na sanduku la pistoni zisizofaa likaonyeshwa. Bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akainuka kwa utaratibu, akaomba ruhusa ya Mwenyekiti, akasema: "Ndugu Katibu, stakabadhi nimezisikia. Mimi nauliza, hiyo injini iliumwa nini?"

Katibu alisimama na hakuwa na jibu. Alikuwa hajachukua hata shilingi moja, na hapakuwa na karatasi yoyote ya kumtetea, kwa kuwa katika faili lote hapakuwa na mstari mmoja unaotaja ugonjwa.

Gari lilirudi likiwa na injini safi. Siku ya tatu lilizimika kwenye mlima ule ule. Distributa ilikuwa imerudishwa kama ilivyotoka, pamoja na kondensa yake. Safari hii mzee dereva alikuwa na plagi ya zamani mfukoni. Aliipima kabla injini haijapoa, akaona cheche ya njano. Akafunga kondensa aliyoazima kwa mwenye gari jirani, na injini ikawaka hapo hapo, ingali moto. Bei ya kifaa hicho dukani ilikuwa ndogo kuliko posho ya siku moja ya mjumbe mmoja aliyehudhuria kikao cha kuidhinisha ovahauli.

KARATASI YA KAZI

Tangu hapo chama hicho hutumia karatasi moja kwa kila tengenezo, nayo huambatishwa kwenye hati ya malipo. Juu huandikwa maneno ya dereva kama alivyoyasema. Chini yake fundi huandika alichopima na kipimo kilivyosoma: rangi ya plagi nne, hali ya cheche, mtiririko wa petroli, namba nne za mgandamizo. Kisha huandika anachodhani ni ugonjwa, na kipuri anachotaka. Mweka hazina hatoi fedha kwa karatasi yenye kipuri bila kipimo. Agizo lao la karibuni lilisomeka: "Land Rover Series III, inchi 109, petroli, silinda nne, beringi kuu tatu, namba ya fremu na ya injini kama zilivyo hapo juu, distributa Lucas 45D4, platini seti 1, kondensa 1, ya zamani imeletwa kulinganishwa."

Kipuri cha zamani hurudi ofisini kikiwa na kibandiko cha tarehe na namba ya hati, na hukaa stoo mpaka ukaguzi wa mwaka upite. Saizi ya pistoni na beringi zilizofungwa imeandikwa kwa rangi ndani ya boneti, na tena katika daftari la mali za kudumu.

MASWALI YA KIKUNDI CHA KUJIFUNZA

1. Gari la chama chenu lina namba gani ya injini? Ikaangalieni kwenye bloku, kisha kwenye kadi. Zinalingana?

2. Geji imesoma 128, 126, 60 na 62. Fundi anataka pistoni nne. Mtamjibu nini, na mtaomba kipimo gani zaidi?

3. Gari linazimika likiwa moto. Cheche iliyotazamwa njiani ni ya buluu na yenye nguvu. Hatua inayofuata ni ipi?

4. Fungueni faili la matengenezo la mwaka uliopita. Ni hati ngapi zinazotaja ugonjwa, na ni ngapi zinazotaja kipuri peke yake?